Mashine ya kubana miguu kwa maumivu ya kifua: imejaribiwa dhidi ya nini?

Swali: Daktari, baba yangu ana miaka 66, tunaishi Buruburu. Mwaka 2019 aliwekewa stenti mbili (vile vijibomba vya wavu vya kuuweka mshipa wa moyo wazi). Mwaka jana alipigwa tena picha ya mishipa ya moyo, na daktari wake akasema sehemu zilizoziba sasa ni nyembamba mno, haziwezi kuwekewa stenti wala kufanyiwa upasuaji wa baipasi, ule wa kuitengenezea damu njia ya kuzunguka palipoziba. Dawa anameza, lakini kifua bado kinambana akipanda ngazi kwenda ghorofa ya tatu, na asubuhi za baridi ndiyo balaa. Kuna kliniki hapa Nairobi inayotoa tiba isiyo ya upasuaji: anafungwa mikanda miguuni, mashine inabana na kuachilia, saa moja kwa siku, mara 35. Wanasema "imejaribiwa na kuthibitishwa" na kwamba mishipa itazibuka. Gharama ni karibu laki tatu, na kaka zangu wameanza kuchangisha. Ni kweli imejaribiwa? Na akianza, ataweza kwenda Kitui kwa harusi ya mjukuu wake?

Jibu: Dada, pole kwa kuuguza, na umfikishie mzee salamu zangu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu laki tatu si pesa za kuokota, na kwa sababu hilo neno "imejaribiwa" siku hizi limekuwa kama chumvi, linanyunyizwa kila mahali. Kwa kifupi: kujaribiwa, imejaribiwa kweli. Kuzibua mishipa, haizibui. Katikati ya hayo mawili ndipo penye mazungumzo.

Tuanze na mashine yenyewe, maana haina uchawi. Moyo una tabia moja ya ajabu: unaulisha mwili mzima unapojikaza, lakini wenyewe hula ukiwa umelegea. Mishipa ya korona, ile inayoupelekea moyo damu yake, hupitisha sehemu kubwa ya damu hiyo katika kile kipindi kifupi cha mapumziko kati ya pigo na pigo. Mashine inakivizia kipindi hicho. Baba atalala chali, atafungwa mikanda ya hewa kama ule wa kupimia presha, ila hii ni mipana: kwenye mashavu ya miguu, mapajani, na juu kuzunguka makalio. Nyaya zinazobandikwa kifuani huijulisha mashine moyo umefika wapi katika mwendo wake. Moyo ukilegea, mikanda inajaa hewa kuanzia chini kwenda juu, na damu inasukumwa irudi kuelekea moyoni. Kabla moyo haujajikaza tena, hewa yote inaachiliwa kwa mkupuo ili damu itoke bila kukuta ukuta mbele yake. Ndivyo itakavyokuwa kwa kila pigo, saa nzima. Siku tano kwa wiki, wiki saba: hizo ndizo mara 35 mlizoambiwa.

Wazo lenyewe si la jana. Madaktari wa Boston walianza kulishughulikia tangu miaka ya 1950, na mashine za kubana kwa zamu kutoka chini kwenda juu zilikuzwa zaidi Guangzhou, Uchina. Marekani iliruhusu mashine ya aina hii iuzwe kwa wagonjwa wa maumivu haya mwaka 1995. Lakini ruhusa ya kuuza si sawa na ushahidi kwamba mgonjwa anapata nafuu iliyotokana na mashine na si kitu kingine, na hapo ndipo swali lako linapoanza kuwa gumu.

Katika magonjwa yote ninayotibu, maumivu ya kifua ya aina hii ndiyo rahisi kuliko yote kumdanganya daktari. Nitakusimulia kisa ambacho huwapa wanafunzi wangu. Miaka ya 1950 kulikuwa na upasuaji mdogo wa kuwasaidia watu kama baba yako. Daktari alipasua ngozi pembeni mwa kidari kwa ganzi ya hapo hapo, akafunga kwa uzi mishipa miwili inayopita ndani ya kifua, kwa imani kwamba damu ikizibiwa njia hiyo itajitafutia nyingine kuelekea moyoni. Wagonjwa walitoka wakisifu, na wengine wakapunguza vidonge. Mwaka 1959 Leonard Cobb na wenzake huko Seattle walichapisha matokeo ya wagonjwa 17. Wote walipasuliwa ngozi. Wanane walifungwa mishipa, tisa wakashonwa bila kufungwa chochote, nao wagonjwa hawakuambiwa kwamba kuna wasiofungwa kitu (jambo ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingeliruhusu). Makundi yote mawili yalipata nafuu ile ile. Upasuaji ule haukuchukua muda ukaachwa.

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba wale tisa walikuwa wanajifanya, wala kwamba baba yako anajitungia maumivu. Maumivu ya moyo wenye njaa ya damu ni ya kweli. Ila mtu akitibiwa na watu anaowaamini, wasiwasi hupungua, presha hushuka kidogo, mapigo hutulia, na moyo uliotulia hudai damu kidogo. Tena anayehudhuria kliniki kila siku humeza dawa zake kwa wakati, kwa kuwa kuna mtu anamuuliza. Hayo yote ni nafuu, lakini hayahitaji mashine ya laki tatu.

Kuna mtego mwingine ambao hapa Nairobi unatukamata vizuri sana. Watu hutafuta tiba mpya wakiwa wamezidiwa. Baridi hubana mishipa na kupandisha presha, na mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo asubuhi za Juni na Julai zinawatesa wagonjwa hawa kama unavyoona kwa mzee. Sasa fikiria mgonjwa anayeanza mashine katikati ya Julai. Baada ya wiki saba tuko Septemba, jua limetoka, hata sweta ameitundika. Kifua kimepoa. Atamsifu nani? Si hali ya hewa.

Ndiyo maana ukiambiwa tiba ya maumivu ya kifua "imejaribiwa", swali la kuuliza ni moja: imejaribiwa dhidi ya nini? Kama wagonjwa walipimwa kabla na baada tu, basi hakuna jaribio la maana hapo, hata wawe elfu tano. Jaribio la kweli huwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, nusu wapate kitu chenyewe na nusu wapate kinachofanana nacho kisicho na nguvu. Sisi huita plasibo. Na mgonjwa asijue amepata kipi, wala anayempima asijue.

Hata stenti, ambazo mzee anazo mbili, zilichelewa kupitishwa katika tanuri hilo. Mwaka 2017 Rasha Al-Lamee na wenzake wa London walichapisha jaribio la wagonjwa 200 wenye maumivu na mshipa mmoja ulioziba. Wote walilazwa usingizi na vipokea sauti masikioni, nusu wakawekewa stenti, nusu hawakuwekewa. Baada ya wiki 6 tofauti ya muda wa kukimbia kwenye mashine ya mazoezi ilikuwa sekunde 16 na ushee tu, na kitakwimu haikuhesabika. Madaktari wa moyo tulichukia sana, nami nikiwemo. Lakini wale wagonjwa walikuwa wameshughulikiwa vizuri kwa dawa kwanza. Mwaka 2023 timu hiyo hiyo ilirudi na wagonjwa 301 waliosimamishwa dawa za maumivu, na safari hii stenti zikashinda waziwazi: 40 kwa kila 100 walikuwa hawana maumivu kabisa baada ya wiki 12, dhidi ya 15 kwa kila 100 wa kundi la plasibo. Ona pia upande wa pili wa hesabu hiyo: 60 kati ya 100 waliowekewa stenti bado walikuwa na maumivu. Baba yako hayuko peke yake.

Turudi kwa mashine ya miguu. Jaribio lake kubwa lilifanywa katika vituo saba vya Marekani na kuchapishwa mwaka 1999, likiwa na wagonjwa 139. Wote walifungwa mikanda, wote walilala saa 35. Kwa kundi moja mikanda ilijazwa hadi shinikizo la milimita 300 za zebaki, na kwa kundi jingine milimita 75 tu, yaani mguu unahisi kubanwa kidogo lakini damu haisukumwi kurudi moyoni. Ni mpango mzuri. Udhaifu wake ni kwamba 300 inauma, na anayeumia hukisia amepata ya kweli.

Matokeo nitakupa bila kuyapaka rangi. Kwa muda wa kutembea kwenye mashine ya mazoezi, makundi yote mawili yaliongeza, na tofauti kati yao haikuwa ya kuhesabika. Kwa muda unaopita kabla kipimo cha umeme wa moyo hakijaonyesha dalili za moyo kukosa damu, waliobanwa kweli walisogea mbele na wengine hawakusogea. Hilo ni jambo zuri, kwa kuwa kipimo kile, tofauti na mgonjwa, hakiwezi kudanganywa na matumaini. Kwa idadi ya maumivu kwa siku, waliobanwa kweli walipungukiwa, na tofauti ilionekana wazi kwa waliomaliza karibu vipindi vyote. Ukiwahesabu na walioacha njiani, inafifia. Vidonge vya chini ya ulimi, vile vya nitrogliserini vya kutuliza kifua kikibana: hakukuwa na tofauti ya maana. Na zaidi ya nusu ya waliobanwa kweli walilalamikia jambo fulani, kama maumivu ya miguu au ngozi kuchubuka, dhidi ya robo hivi ya wale wengine.

Mwaka 2010 kundi la Cochrane, ambalo kazi yake ni kupekua majaribio yote na kutupa yaliyo dhaifu, lilipoipekua tiba hii lilibaki na jaribio hilo moja mkononi, likasema ushahidi hautoshi kuamua. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2019 uliiweka kwenye daraja la "inaweza kufikiriwa" kwa wagonjwa ambao dawa na njia za kufungua mishipa zimeshindikana. Ukijua lugha ya miongozo, hilo ni sawa na mzazi kumwambia mtoto "tutaona".

Kwa hiyo waliowaambia mishipa itazibuka wamewauzia kitu ambacho hata watetezi wa mashine hii hawakidai. Ile mafuta iliyoganda kwenye mishipa haitoki kwa kubanwa miguu. Kinachodaiwa ni kwamba msukumo wa damu unaifanya mishipa ilegee vizuri zaidi na huenda ukaamsha vijia vya pembeni. Wala hakuna jaribio la aina niliyoeleza linaloonyesha kwamba itamwongezea mzee maisha. Anachonunua, kikipatikana, ni kupanda ngazi akiwa na maumivu machache. Hilo si dogo kwa mtu wa ghorofa ya tatu, ila mjue ndilo mnalolipia.

Huenda pia mkatajiwa tiba nyingine isiyo ya upasuaji: kijiwavu chenye umbo la kipimamuda cha mchanga, kinachopitishwa kwenye mshipa wa shingo na kuwekwa kwenye mshipa mkubwa unaoiondoa damu iliyokwisha kuilisha nyama ya moyo, ili kubana njia ya kutokea na kuilazimisha damu ienee kwenye sehemu zenye njaa. Mwaka 2015 jaribio la wagonjwa 104 lilionyesha 35 kwa 100 wakipata nafuu ya angalau madaraja mawili kwenye kipimo cha ukali wa maumivu ya kifua, dhidi ya 15 kwa 100 wa plasibo. Mwaka 2024 Waingereza walikijaribu tena kwa wagonjwa 51: maumivu ya kila siku yalipungua kuliko plasibo, ingawa mtiririko wa damu kwenye moyo, ambao ndio waliopanga kuupima kwanza, haukubadilika. Nimekitaja ili mkikisikia msishtuke. Si cha kukimbilia.

Ningekuwa kaka yako, ningesimamisha mchango kwa mwezi mmoja. Kwanza rudini kwa daktari wake mkiwa na pakiti zote za dawa, si orodha, pakiti. Mara nyingi nakuta mgonjwa aliyeambiwa "dawa zimeshindwa" anameza nusu ya kipimo kwa sababu kemisti alikosa ile ya kwanza akampa nyingine, au alisimamisha moja kwa sababu ilimletea kizunguzungu na hakumwambia mtu. Apimwe damu kama anayo ya kutosha, na tezi ya shingo pia, maana vyote viwili vinaweza kuamsha maumivu yaliyolala. Kama anavuta sigara, hilo linajulikana. Halafu kuna ujanja ambao watu wengi hawaujui: kidonge cha chini ya ulimi si cha kungoja maumivu tu. Kama daktari wake amekubali, anaweza kukiweka dakika chache kabla ya kupanda ngazi, akiwa ameketi kwanza ili kisimwangushe. Asubuhi ajifunge skafu mdomoni na puani asivute ubaridi moja kwa moja, na asipande ngazi mara tu baada ya kula ugali wa kushiba.

Hapa naomba kaka yako mmoja asome, kwa sababu wazee hawalisemi mbele ya binti zao. Kama mzee anatumia vidonge vya nguvu za kiume, vya kemisti au vile vya mitishamba vinavyouzwa mitaani (baadhi huchanganywa dawa hizo hizo kimyakimya), visikutane kabisa na kidonge cha chini ya ulimi. Presha inaweza kuporomoka hadi akafa. Aulizwe faraghani, bila kuhukumiwa.

Kisha ndipo tuulize kama mwili wake unaifaa mashine. Haifai mwenye vali ya moyo inayovuja sana, hasa ile ya mshipa mkuu unaotoa damu moyoni (aota), mwenye damu iliyoganda kwenye mishipa ya miguu, mwenye mshipa mkuu wa tumbo uliovimba, mwenye mishipa ya miguu iliyoziba vibaya, mwenye presha iliyo juu ya 180 kwa 110, wala mwenye mapigo ya ovyo yasiyodhibitiwa, kwa sababu mashine inafuata pigo na pigo lisilotabirika huivuruga. Anayetumia dawa kali za kuyeyusha damu lazima apimwe kwanza. Mwenye kisukari na kidonda mguuni, vivyo hivyo. Hayo hayajulikani kwa macho. Anahitaji picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, mtu wa kumshika mapigo ya miguuni, na picha ya tumbo. Kliniki ikitaka kumfunga mikanda siku ya kwanza bila kuuliza hata moja kati ya haya, mshukuruni mhudumu na mwondoke.

Wakiyauliza, nanyi ulizeni yenu. Kituo na daktari wamesajiliwa na baraza la madaktari, yaani KMPDC? Ni daktari gani atakuwa jengoni mashine ikifanya kazi, na watafanya nini kifua kikibana katikati? Mnaweza kulipa kwa wiki badala ya kutoa laki tatu siku ya kwanza? Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu familia iliyomaliza kulipa hupata taabu kukiri kwamba haioni nafuu. Na wakisema "huu ni utafiti", mambo yanabadilika: kuwe na fomu ya ridhaa ya lugha mnayoielewa, idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, nanyi msiwe mnalipia kinachojaribiwa. Utafiti unaomtoza mgonjwa laki tatu, mimi ningetaka kuuona vizuri.

Mkiamua kuendelea, mjaribuni mzee wenyewe. Nunueni daftari la shule la kurasa 48. Kwa wiki mbili kabla ya mashine, kila jioni andikeni mambo matatu: kifua kimembana mara ngapi, ametumia vidonge vingapi vya chini ya ulimi, na amepanda ngazi ngapi kabla ya kusimama. Amhesabie mtu mwingine, mjukuu wa darasa la sita anatosha. Dawa zisibadilishwe katika muda huo wala wakati wa mashine, la sivyo hatutajua kilichosaidia ni kipi. Endeleeni kuandika hadi wiki ya saba na mwezi mmoja baadaye. Kwa sababu ya ile habari ya Julai, ningependa mwanzo na mwisho viangukie hali ya hewa inayofanana. Kama katikati ya safari daftari linaonyesha namba zile zile, msimamishe hata kama anasema anajisikia vizuri, kisha mzungumze na daktari wake. Kama maumivu manne kwa siku yamekuwa moja, mimi sitagombana na mashine.

Ila kifua kikimbana akiwa ameketi tu, kikadumu zaidi ya dakika 15, au kikaja na jasho jembamba na kichefuchefu, hiyo si siku ya kliniki ya mikanda. Ni ya hospitali yenye chumba cha dharura, kwa gari la kwanza mtakalopata.

Harusi ya Kitui: vipindi ni vya siku tano, Jumamosi na Jumapili ni zake, kwa hiyo aende. Mwondoke Ijumaa mchana baada ya kipindi, msimwamshe alfajiri Jumamosi kwenye baridi. Kidonge cha chini ya ulimi kikae katika chupa yake ya asili, kisihamishiwe kwenye karatasi ya nailoni, na chupa iwe mfukoni mwa shati lake, si ndani ya begi lililofungiwa kwenye buti. Na wakimwita acheze, acheze akiwa ameketi.